Samaki wa Tangini Anapougua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefuga samaki wadogo nyumbani kwa miaka mingi, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa kuliko mengine yote. Mara nyingi anayeuliza ameshafungua chupa ya dawa. Naomba uifunge kwanza. Majibu yangu yanafuata njia ninayoifuata mwenyewe: kutazama, kupima maji, halafu dawa ikibidi.

Nitajuaje kama samaki wangu anaumwa kweli?

Mjue akiwa mzima. Kila siku unapowalisha, kaa mbele ya tangi dakika mbili tatu. Jua ni nani huwahi chakula, nani hupenda kujificha nyuma ya majani, nani huwafukuza wenzake. Ugonjwa huanzia kwenye tabia kabla haujaonekana mwilini. Samaki anajitenga. Anaingiza chakula mdomoni kisha anakitema. Mapezi ameyakunja yakaganda mwilini. Anajisugua kwenye changarawe au kwenye bomba la kichujio, anahema upesi, rangi inafifia. Ukiona dalili moja kwa siku moja, endelea kumtazama. Zikiwa mbili, au ile moja ikilala na kuamka, pima maji.

Yapo pia yanayotisha bure. Tetra neoni hupauka taa zikizimwa na hurudisha rangi asubuhi. Koridora huchomoka ghafla hadi juu, humeza hewa na kurudi chini, na ndivyo alivyoumbwa. Beta naye huvuta hewa juu ya maji kwa sababu ana kiungo maalumu cha kupumulia hewa, na hulala juu ya jani kana kwamba amekufa. Samaki wa dhahabu dume akikaribia kuzaana huota vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na ukingoni mwa mapezi ya kifua. Nimeshuhudia madume wazima wakitibiwa ugonjwa wa vidoa vyeupe wiki nzima kwa ajili ya vipele hivyo.

Samaki wote wamepanda juu na wanahema. Nianze na dawa gani?

Hakuna dawa hapo. Samaki wote wakiugua ndani ya saa moja, tatizo ni maji. Vimelea huanza kwa mmoja, wakasambaa kwa wawili, kisha watano. Maji mabaya huwapiga wote pamoja.

Toa theluthi moja hadi nusu ya maji na uweke mapya yaliyoondolewa klorini (dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba), yenye joto lile lile. Washa pampu ya hewa, au elekeza mdomo wa kichujio utikise uso wa maji, maana hapo ndipo oksijeni inapoingilia. Kama joto limepanda sana, lishushe taratibu, kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Ukimaliza hayo, pima amonia na nitriti.

Akiwa ni mmoja tu anayehema na wenzake wako shwari, hapo fikiria matamvua yake: minyoo ya matamvua, au ugonjwa wa vumbi la dhahabu. Nimevieleza huko chini.

Kwa nini kila nikiuliza kuhusu ugonjwa naambiwa nipime maji?

Kwa sababu samaki anavuta pumzi ndani ya maji yale yale anayojisaidia. Amonia hutoka kwenye matamvua yake, kwenye kinyesi na kwenye chakula kinachooza chini ya changarawe. Mtoni au ziwani hubebwa na maji mengi. Tangini haina pa kwenda. Kinachomwokoa samaki ni makundi ya bakteria wanaoishi kwenye kichujio na changarawe: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Katika tangi jipya makundi hayo huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga, na huo ndio muda ambao samaki wengi wa wafugaji wapya hufa.

Amonia na nitriti zinatakiwa zisome sufuri. Nitrati mimi huiweka chini ya miligramu 20 kwa lita. Ikizidi 40 ni dalili kwamba maji hayabadilishwi inavyotosha. Soma pH (kipimo cha uchachu wa maji) na joto pia, kwa kuwa amonia ina hali mbili majini, moja ina madhara kidogo na nyingine ni sumu kali. Kadiri pH na joto vinavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi inavyogeuka kuwa ile ya sumu. Kiasi ambacho samaki anakivumilia kwenye pH 6.5 kinaweza kumuua kwenye pH 8.5.

Amonia huunguza matamvua na ngozi: matamvua huiva wekundu, ute unazidi, samaki anajikuna. Nitriti hufanya kazi nyingine. Huingia kwenye damu na kuigeuza rangi ya kahawia, na damu hiyo haiwezi kubeba oksijeni, hivyo samaki anakosa pumzi ilhali maji yana hewa tele. Chumvi kidogo husaidia hapa, hata nusu gramu kwa lita, kwa kuwa kloraidi iliyomo hushindana na nitriti mlangoni mwa matamvua. Hununua muda tu. Maji bado lazima yabadilishwe.

Somo hili lilinigharimu. Miaka ya mwanzo nilitoa sponji ya kichujio nikaisugua chini ya bomba mpaka maji yakatoka meupe, nikaridhika kabisa. Siku ya tatu samaki walianza kulegea. Nilitia dawa ya vidoa, siku iliyofuata dawa ya bakteria, kisha ya kuvu. Nilipoazima kipimo, amonia ilikuwa juu ajabu. Klorini ya bomba ilikuwa imewaua bakteria wote wa kichujio, na samaki tisa nilikuwa nawapa dawa za magonjwa ambayo hawakuwa nayo. Wakapona wanne. Tangu hapo sponji naisuuza ndani ya ndoo, kwa maji niliyoyatoa tangini.

Lakini maji yangu ni maangavu kabisa. Bado nipime?

Ndiyo. Amonia na nitriti hazina rangi.

Nimebadilisha maji jana, leo samaki wameugua. Si maji mapya yangewasaidia?

Yangewasaidia kama hayakuleta mabaya mengine. La kwanza ni klorini, ambayo huunguza matamvua. Maji yakiachwa wazi siku nzima, hasa yakitiwa hewa, klorini huondoka. Kloramini, inayotumiwa na baadhi ya mitambo ya maji, haiondoki kwa kuachwa, na inahitaji dawa ya kuondoa klorini. Dawa nyingi za aina hiyo zina thiosulfati ya sodiamu. Kloramini ikivunjwa huacha amonia, kwa hiyo chagua dawa inayoishughulikia na hiyo.

La pili ni joto. Ingiza kipimajoto kwenye ndoo. Tofauti isizidi nyuzi 1 au 2.

La tatu huwapata waliokaa miezi bila kubadilisha maji. Katika muda huo pH imeshuka polepole na nitrati imepanda, na samaki wamezoea. Ukimwaga yote na kuweka mapya kwa mkupuo mmoja, wanapata mshtuko. Na kama kulikuwa na amonia iliyotulia kwenye pH ya chini, pH inapopanda hugeuka sumu kwa ghafla. Tangi la namna hiyo lirudishe kwa robo au chini ya robo, siku baada ya siku.

Ana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Vinatibiwaje?

Huu ndio ugonjwa unaojulikana kuliko yote, na ndio unaotibiwa nusunusu kuliko yote. Msababishaji ni kimelea cha seli moja kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kila kidoa ni kimelea kimoja kilichojichimbia chini ya ngozi kikijilisha. Kikiwa hapo, ngozi inakikinga na dawa haikifikii. Kikishiba kinaanguka chini, kinajifungia ndani ya kifuko, na humo kinagawanyika kuwa mamia ya vitoto. Vitoto hivyo vinatoka na kuogelea vikitafuta samaki, na visipompata ndani ya siku mbili hivi, vinakufa. Ni hao waogeleaji peke yao ambao dawa inawaua.

Ukikumbuka hilo, kila agizo la tiba linaeleweka. Unatibu tangi zima, kwa kuwa kimelea kimeshatawanyika kwenye changarawe na kwenye maji. Huachi dawa vidoa vinapotoweka, kwa sababu vilichofanya ni kushuka chini kuzaana. Ukiacha siku hiyo vitarudi vingi kuliko mwanzo. Na joto linapandishwa ili mzunguko uende mbio na waogeleaji watoke upesi. Kwenye nyuzi 25 mzunguko mzima ni wa siku chache. Kwenye maji baridi unaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kwa samaki wa maji ya joto, pandisha taratibu, nyuzi 1 kila baada ya saa kadhaa, mpaka 28 au hata 30 kama aina uliyonayo inavumilia, na ongeza hewa. Tumia dawa yenye kijani cha malakiti, au malakiti pamoja na formalini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Au tumia chumvi gramu 2 hadi 3 kwa lita, ukiifikisha kwa siku mbili. Fyonza changarawe kila siku ya pili, maana kila kifuko unachokitoa ni mamia ya vimelea vilivyoondoka. Endelea wiki nzima baada ya kidoa cha mwisho. Samaki wa maji baridi usiwapandishie joto hivyo. Wao waongezee siku za dawa.

Kambare, samaki wasio na magamba na tetra huumizwa upesi na malakiti, kwa hiyo chupa nyingi huelekeza nusu ya kipimo kwao. Wewe mwenyewe vaa glavu na ufungue madirisha, formalini si ya kuivuta.

Jambo moja linalosahaulika: matamvua hushambuliwa pia. Samaki mwenye vidoa vitatu mwilini anaweza kufa kwa kukosa pumzi kabla ya mwenzake mwenye thelathini.

Kwangu vidoa ni vidogo mno, kama vumbi la dhahabu.

Zima taa zote, kisha mmulike samaki kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona vumbi la manjano au rangi ya kutu, hasa shingoni na mgongoni, ni kimelea kiitwacho Piscinoodinium. Ugonjwa huu una kasi kuliko vidoa vyeupe, na vifaranga huisha kwa siku chache. Kimelea hiki kina klorofili kama mmea na hupata sehemu ya nguvu zake kwenye mwanga, ndiyo maana tangi hufunikwa wakati wa tiba. Dawa yake ya kawaida ni ile yenye shaba. Kabla hujaitia, soma jibu kuhusu uduvi na konokono.

Ameota kitu kama pamba. Ni kuvu?

Huenda, na huenda ni kitu kibaya zaidi. Tazama kwa karibu. Kuvu wa Saprolegnia wana nyuzi ndefu zinazopepea majini kama manyoya, na huota palipokufa tayari: kwenye jeraha, gamba lililong'oka, mayai yaliyoharibika. Huenda polepole. Ukisafisha maji na kumpa chumvi au buluu ya methilini katika tangi la wagonjwa, huwa wanakwisha.

Kuna na bakteria aitwaye Flavobacterium columnare. Yeye huacha utando mfupi wa kijivu au manjano kuzunguka midomo, au baka pana mgongoni kama tandiko. Mapezi yanaoza, matamvua yanaoza, na samaki anaweza kuwa mzima Jumatatu na kufa Jumatano. Dawa za kuvu hazimgusi. Anahitaji antibiotiki mapema. Na joto humchochea, hivyo mtu aliyedhani ni vidoa vyeupe akapandisha hita anamsaidia adui. Ukiwa na shaka kati ya hayo mawili, acha joto lilipo au lishushe kidogo.

Mapezi yanaliwa na kupungua.

Kama kingo zimechanika lakini ni safi, kuna mwenzake anayemng'ata. Chunguza wakati wa chakula na baada ya kuzima taa. Kama kingo ni nyeupe au zina wekundu na zinarudi nyuma siku hadi siku, ni bakteria kama Aeromonas na Pseudomonas. Hao wapo katika kila tangi, wanamshinda aliyedhoofika. Badilisha robo ya maji kila siku kwa wiki moja na umtenganishe na anayemsumbua. Wengi hupona kwa hilo pekee. Dawa itafutwe kama kuoza kumekaribia mwilini. Pezi jipya huota likiwa angavu kama nailoni. Hiyo ni afya.

Tumbo limevimba na magamba yamesimama. Kuna matumaini?

Mtazame kutoka juu. Magamba yakiwa yamejitenga na mwili kama ganda la nanasi, figo zake zimeshindwa kazi. Maji yasiyo ya chumvi hujipenyeza ndani ya mwili wa samaki muda wote, na figo ndizo huyatoa, zikilala, anajaa. Kinachoziua figo kinaweza kuwa bakteria, uvimbe, uzee au maji mabaya ya muda mrefu. Kwa hiyo hii ni dalili, na haina dawa moja.

Nitasema wazi kwamba wengi hawaponi. Akigundulika mapema, na angali anakula, mtenge kwenye maji safi yenye salfati ya magnesiamu (chumvi ya Epsom), isiyozidi gramu 1 kwa lita, ambayo husaidia kupunguza uvimbe, na mpe chakula chenye antibiotiki. Nimeona wachache wakirudi. Jike lenye mimba au mayai hutuna tumbo lakini magamba yake yamelala. Usimchanganye na huyu.

Anaelea kichwa chini, au amekwama sakafuni.

Kibofu cha hewa kimebanwa au kimeharibika. Samaki wa dhahabu wa mviringo huugua hivi mara kwa mara kwa sababu ya umbo walilozalishiwa. Usimlishe siku 2 au 3, hakikisha joto halijashuka, kisha mpe punje ya njegere iliyochemshwa na kumenywa. Beta ni mla nyama, njegere hazimfai. Mpe dafnia (viroboto wa maji), na baadaye upunguze chakula. Vidonge vikavu viloweke kabla ya kumpa samaki anayekula kwa pupa juu ya maji. Akikaa wiki kadhaa bila mabadiliko na bado anakula, mpunguzie kina cha maji na umwache aishi. Samaki mwenye ulemavu huo anaweza kuendelea muda mrefu.

Jicho limetokeza nje.

Jicho moja: mara nyingi amejigonga. Mpe maji safi na subira. Macho yote mawili: tatizo liko ndani ya mwili au kwenye maji, na huendana na kuvimba tumbo.

Anakonda ingawa anakula, na kinyesi ni cheupe.

Kinyesi cheupe peke yake huweza kumaanisha tu kwamba utumbo hauna kitu. Kikiambatana na kukonda na kukataa chakula, fikiria vimelea wa utumbo kama Spironucleus. Dawa ya metronidazoli iliyochanganywa kwenye chakula hufanya kazi kuliko iliyomwagwa majini, alimradi bado anakula.

Ukiona nyuzi nyekundu zikichomoza kwenye tundu la haja samaki akiwa ametulia, na zikirudi ndani akisogea, hao ni minyoo Camallanus. Gapi huwapata sana. Levamisoli, dawa ya minyoo, huwapooza nao hutolewa nje na kinyesi. Zima taa wakati wa dawa kwa kuwa mwanga huiharibu, fyonza changarawe siku inayofuata kabla samaki hawajaidokoa minyoo, na rudia baada ya wiki 2 au 3.

Anajikuna siku nzima na sioni kidoa hata kimoja.

Amonia kwanza, kama kawaida. Ikiwa sufuri, yawezekana ni minyoo bapa isiyoonekana kwa macho: Gyrodactylus kwenye ngozi, Dactylogyrus kwenye matamvua. Prazikwanteli, nayo ni dawa ya minyoo, inawaua wote wawili. Dactylogyrus hutaga mayai ambayo dawa haiyapenyi, kwa hiyo rudia tiba ili kuwapata wanaoanguliwa.

Tetra neoni wangu amepoteza rangi mchana, na mgongo unapinda.

Huenda ni Pleistophora hyphessobryconis, kimelea kinachoishi ndani ya misuli. Hakina tiba. Mtenge siku hiyo hiyo, kwa maana wenzake hukipata kwa kuidokoa maiti yake.

Chumvi ni dawa ya kila kitu? Ni chumvi gani?

Chumvi ya kawaida ya sodiamu isiyo na viungo wala rangi. Iodini kidogo iliyomo kwenye chumvi ya mezani haina tatizo. Gramu 1 kwa lita inamsaidia samaki aliyechoka kupunguza kazi ya figo. 2 hadi 3 zinapambana na vidoa vyeupe na kuvu hafifu. Pima kwa mizani, vijiko havilingani. Iyeyushe pembeni, usiitupe tangini ikiwa punje, kwa kuwa ikimwangukia samaki inamchoma.

Chumvi haipai na mvuke. Maji yakipungua kwa joto, jazia maji matupu. Rudisha chumvi kwa kiasi cha maji uliyoyatoa kwa ndoo tu. Watu wengi hukosea hapa, na chumvi hujikusanya mpaka inakuwa ndiyo ugonjwa. Koridora na mimea mingi hawaipendi. Na siikubali tabia ya kuiweka mwaka mzima kama kinga: ikishakuwa ya kila siku, siku ya ugonjwa umebaki bila silaha hiyo.

Naweza kutumia antibiotiki za binadamu zilizobaki nyumbani?

Usitumie. Hujui kipimo, mara nyingi hujui kama ni bakteria, na mabaki hayatoshi dozi kamili. Bakteria walionusurika hubaki tangini wakiwa sugu. Nyingine huwaua bakteria wa kichujio, ukaongeza amonia juu ya ugonjwa. Mtafute daktari wa mifugo, wapo wanaowajua samaki, akuambie ni ipi na kwa siku ngapi. Ukianza, maliza.

Nitajuaje tangi langu lina lita ngapi ili nipime dawa?

Pima urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1,000. Sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54. Pima kina cha maji, si urefu wa kioo, na punguza kama sehemu moja ya kumi kwa ajili ya changarawe na mawe. Toa mkaa ulioamilishwa kwenye kichujio kabla ya kutia dawa, la sivyo mkaa utainyonya dawa yote. Urudishe tiba ikiisha, hapo ndipo una kazi.

Dawa mbili kwa pamoja ni hatari mpaka maelekezo yaseme vinginevyo. Nyingi hupunguza oksijeni, kwa hiyo pampu ya hewa iwe inavuma muda wote wa tiba.

Samaki wamepona lakini uduvi na konokono wamekufa.

Shaba. Hata kiasi kidogo huwaua wanyama wasio na uti wa mgongo, na hunata kwenye changarawe na silikoni ikatoka polepole baadaye. Wahamishe kabla, au utibu samaki kwenye chombo kingine.

Tangi la wagonjwa ni lazima?

Kwangu ni lazima kuliko taa za kupendeza. Lita 20 zinatosha samaki wadogo: chombo kitupu bila changarawe, hita, kichujio cha sponji, kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia. Sponji ya akiba iache ikikaa ndani ya tangi kubwa ili iwe na bakteria tayari siku ukiihitaji.

Chombo hicho hicho ndicho cha samaki wapya. Wakae wiki 4, wakilishwa na kutazamwa, kabla ya kuungana na wengine. Tumia wavu na ndoo zao peke yao. Maji ya mfuko waliokuja nao usiyamwage tangini. Mgeni akionekana mzima siku ya kwanza haijathibitisha chochote; minyoo ya utumbo na ya matamvua huchukua wiki kadhaa kujitokeza.

Mimi naweza kuambukizwa?

Magonjwa mengi ya samaki hayahamii kwa binadamu. Mmoja unaohamia upo: Mycobacterium marinum, jamaa wa bakteria wa kifua kikuu, huingia kupitia mkwaruzo na kuota uvimbe usiopona kwenye vidole au mkono, mara nyingi wiki kadhaa baada ya kugusa maji. Unatibika kwa antibiotiki za muda mrefu. Ukimwona daktari mwambie kwamba unafuga samaki, kwani bila hilo uvimbe huo hudhaniwa kuwa kitu kingine. Mwenye kidonda avae glavu ndefu, usivute maji ya bomba la kunyonyea kwa mdomo, na nawa kwa sabuni ukimaliza.

Ni lini niache kumtibu?

Anapokuwa hali chakula tena, hawezi kukaa wima, na siku kadhaa za tiba sahihi hazijamsogeza. Kumtupa chooni, kumgandisha kwenye friji au kumwacha nje ya maji ni mateso. Njia ya upole ni mafuta ya karafuu: tikisa matone kadhaa ndani ya maji ya uvuguvugu kidogo mpaka yawe meupe, yamimine polepole kwenye bakuli lenye samaki na maji yake ya tangi. Analala. Akishalala, ongeza zaidi, na umwache humo angalau nusu saa baada ya vifuniko vya matamvua kusimama kabisa. Wapo wanaoamka wakiwahishwa kutolewa, hivyo usiharakishe.

Amekufa. Tangi nilimwage lote?

Kwa kawaida hapana. Mtoe mara moja, pima maji, badilisha robo, watazame waliobaki kwa wiki 2. Mzike au umtupe na taka, asiingie mtoni wala kwenye bwawa. Vidoa vyeupe haviishi bila samaki: tangi tupu kwenye nyuzi 28 kwa wiki moja au zaidi huwa salama. Mycobacterium ndiyo inayonifanya nibomoe kila kitu, nitupe changarawe na sponji, nisafishe kioo kwa dawa ya klorini, nisuuze mpaka harufu iishe, nikaushe kabisa, na kuanza wiki zile 4 hadi 6 upya kabla ya kuweka samaki wa kwanza.